Ibara ya Tatu na Samaki wa Nzoia: Hoja ya Kuwa na Sheria ya Kugawana Data za Viumbe wa Majini Afrika Mashariki

Kila mwaka, kuanzia Julai hadi Septemba au Oktoba, nyangumi wenye nundu huonekana wakipita mbele ya Watamu na Kilifi. Huja kupandana na kuzaa katika maji ya joto ya Bahari ya Hindi. Watoto wakipata nguvu, hurudi nao kusini hadi kwenye bahari iliyoizunguka Antaktika, ambako hula krili, wanyama wadogo wa jamii ya kamba wanaojaa katika maji yale ya baridi. Upande wa chini wa mkia wa kila nyangumi wa aina hii una mabaka meupe na meusi yasiyofanana na ya mwenzake. Nahodha wa boti ya Watamu akiupiga picha mkia huo mwezi Agosti, na mtafiti aliye kwenye meli karibu na barafu akaupiga mkia uleule mwezi Februari, kila mmoja ana nusu ya habari. Habari kamili hupatikana siku picha hizo mbili zinapowekwa pamoja na mtu akazilinganisha. Kazi hiyo inafanyika. Chuo cha Atlantic, katika jimbo la Maine nchini Marekani, kimetunza orodha ya picha za mikia ya nyangumi wa Antaktika tangu 1987. Leo kuna hifadhidata ya Happywhale ambayo hupokea picha kutoka kwa mtalii na profesa bila kubagua. Na hapa Kenya, mtandao wa watazamaji wa mamalia wa baharini, wenye kitovu chake Watamu, hukusanya taarifa kutoka kwa wavuvi wa michezo, wapiga mbizi na manahodha.

Msomaji wa Myanga, kule Bungoma, anaweza kuuliza habari za barafu zinamhusu nini. Mombasa iko umbali wa zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka kwake. Hata maji ya kwao hayaendi huko: Nzoia na Sio humwagika katika Ziwa Viktoria, na Malakisi, uanzao Mlima Elgon, huvuka mpaka na kuingia Uganda kuelekea Ziwa Kyoga. Yote mwishowe ni maji ya Nile. Lakini ninachotaka kukitetea hapa kinamhusu mtu wa Nzoia kuliko hata mtu wa Watamu. Nadai kwamba data za viumbe wa majini hugawanwa na kudumu pale tu kugawana kunapokuwa wajibu wa kisheria wenye muda maalumu na njia ya kuhakikisha ukweli. Nia njema ya wanasayansi haitoshi, wala fedha za wafadhili hazitoshi. Bahari ya ncha ya kusini, isiyo na wenyeji, inao wajibu wa kisheria wa kugawana tangu 1961. Afrika Mashariki ilikuwa na kitu kinachokaribia hapo, ikakipoteza mwaka 1977, na viumbe wetu wakalipa.

Mkataba wa Antaktika ulitiwa saini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12, ukaanza kutumika tarehe 23 Juni 1961. Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini peke yake, tena Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Sehemu kubwa ya bara ilikuwa bado mikononi mwa wakoloni. Hilo lisisahaulike tunapousifu mkataba huu. Hata hivyo Ibara yake ya Tatu inastahili kusomwa na kila mwanasheria wa mazingira wa ukanda wetu. Inazitaka nchi wanachama, kwa kadiri inavyowezekana, zibadilishane mipango ya utafiti na wanasayansi wenyewe, na inataka uchunguzi na matokeo ya kisayansi yabadilishanwe na kupatikana bila kizuizi. Waliotia saini walikuwa Marekani na Umoja wa Kisovyeti, wakiwa katikati ya vita baridi. Walikuwamo pia Uingereza na Argentina, ambazo kila moja ilidai kipande kilekile cha barafu na ambazo mwaka 1982 zilipigana vita juu ya visiwa vya Falkland. Vita hivyo vilipiganwa, na mkataba haukuvunjika. Naona hapa ndipo penye uzito: kifungu kilichoandikwa vizuri kiliwafunga maadui.

Kifungu hakikutosha chenyewe. Kwa miongo kadhaa data za hali ya hewa na za barafu zilibadilishanwa kwa bidii, lakini za viumbe zilibaki katika madaftari ya meli, katika chupa za makumbusho, na katika ripoti za lugha mbalimbali. Mabadiliko makubwa yalikuja na Sensa ya Viumbe wa Baharini ya 2000 hadi 2010, na Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia ulioanza 2007. Sera ya data ya mwaka huo wa ncha ilisema wazi kwamba data zitolewe zote, bure, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Miaka miwili kabla, 2005, ulianzishwa kwa msaada wa Ubelgiji mtandao wa habari za viumbe wa bahari ya Antaktika uliojulikana kwa kifupi kama SCAR-MarBIN, ukiwa chini ya Kamati ya Sayansi ya Utafiti wa Antaktika. Wanabiolojia Claude De Broyer na Bruno Danis, wakiwa Brussels, walikuwa miongoni mwa waliousimamia. Data zake ziliunganishwa na OBIS, mfumo wa dunia wa taarifa za viumbe wa baharini, ambao tangu 2009 uko chini ya Tume ya Bahari ya UNESCO na ofisi yake iko Oostende.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya majina. Mwanasayansi wa Urusi na wa Uingereza wanaweza kumpa mnyama mmoja majina mawili, wakamhesabu mara mbili. Au wakawaita wanyama wawili kwa jina moja, na mmoja wao akatoweka bila kujulikana. Kwa hiyo ilitengenezwa rejista ya spishi za bahari ya Antaktika, kila jina likipitiwa na mtaalamu wa kundi lake. Rejista hiyo ilifikisha zaidi ya spishi 8,000. Kisha kila rekodi ikatakiwa kuwa na mambo yaleyale: jina lililokubaliwa, latitudo na longitudo, kina cha maji, tarehe, chombo kilichotumika, aliyekusanya, na mahali kielelezo kilipohifadhiwa. Haya yanachosha kusimulia, lakini ndiyo yaliyowezesha kitabu kikubwa cha ramani za viumbe wa Bahari ya Kusini kuchapishwa mwaka 2014, kikiwa na waandishi zaidi ya 100 kutoka nchi nyingi. Hakuna nchi moja ambayo ingeweza kukiandika peke yake, hata iliyo tajiri kiasi gani.

Sasa tuitazame bahari hiyohiyo kutoka upande wake wa giza, maana kuna watu wanaoamini kwamba sayansi hujirekebisha yenyewe. Uvuvi wa nyangumi haukuwa chini ya Mkataba wa Antaktika. Ulikuwa chini ya Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, na humo kila nchi ilijiripotia mavuno yake. Umoja wa Kisovyeti uliripoti kwamba meli zake ziliua nyangumi wenye nundu 2,710 katika bahari za kusini mwa dunia baada ya Vita vya Pili. Idadi ya kweli ilikuwa zaidi ya 48,000. Kwa miaka mingi kamati ya sayansi ya tume ilifanya hesabu zake kwa takwimu za uongo, ikashangaa kwa nini nyangumi walipungua kwa kasi isiyolingana na mavuno. Waangalizi wa kimataifa waliruhusiwa kupanda meli hizo kuanzia mwaka 1972 tu. Ukweli ulitoka hadharani mwaka 1993, Alexey Yablokov, mshauri wa rais wa Urusi katika mambo ya mazingira, alipoutangaza mbele ya wanasayansi wenzake. Baadhi ya wanabiolojia waliokuwa ndani ya meli hizo walikuwa wamezificha kumbukumbu halisi miaka yote hiyo, wakijua hatari yake. Nawaheshimu sana watu hao.

Nchi iliyodanganya juu ya nyangumi ndiyo ileile iliyokuwa ikibadilishana takwimu za hali ya hewa na Wamarekani kwa uaminifu kutoka vituo vyake vya barafuni. Tofauti haikuwa katika tabia za watu wake. Antaktika ilikuwa na mkataba unaoruhusu kila mwanachama mkuu kutembelea na kukagua kituo cha mwingine wakati wowote. Kwenye meli za nyangumi hapakuwa na mkaguzi wa kimataifa kwa robo karne. Ndiyo maana nasema sheria ya data ni lazima iwe na njia ya kuhakikisha. Wale nyangumi wachache wanaopita Watamu leo ni uzao wa waliobaki baada ya mauaji yale na ya mataifa mengine.

Nije nyumbani. Mwaka 1947 serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunda shirika moja la utafiti wa uvuvi wa maji baridi, makao yake Jinja. Shirika la pili, la uvuvi wa baharini, liliwekwa Zanzibar. Baada ya uhuru mashirika haya yaliingia chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sitayapamba: yaliundwa na dola lililotaka faida, na wakuu wake wa kwanza walikuwa Waingereza. Lakini yalikuwa na sifa moja ambayo hatujaipata tena kikamilifu, kwamba ziwa lilihesabiwa kuwa ziwa moja. Ripoti ya mwaka ilikuwa moja. Mtafiti wa Kisumu na wa Mwanza walipeleka matokeo yao sehemu moja, na kila mmoja aliyaona ya mwenzake.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Vitabu, vielelezo na madaftari yaliyokuwa Jinja yalibaki Uganda, nchi iliyokuwa chini ya Idi Amin. Yaliyokuwa Zanzibar yalibaki Zanzibar, na baadaye yakawa sehemu ya taasisi ya sayansi za bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kenya iliunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, mwaka 1979; Tanzania ikaunda yake, TAFIRI, mwaka 1980. Kila nchi ilianza ukurasa mpya, na mipaka ikachorwa juu ya maji.

Wakati huohuo, ndani ya ziwa, mbuta alikuwa akiongezeka kwa kasi ya kutisha. Samaki huyu aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na kuongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikaa kimya miaka mingi. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akajaa, akianzia upande wa Kenya, akaenea kusini. Fulu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi ambao spishi zao zilikisiwa kuwa zaidi ya 300 na huenda 500, wakaanza kutoweka makundi kwa makundi. Wanasayansi wengi wanalihesabu tukio hili miongoni mwa maangamizi makubwa kabisa ya wanyama wenye uti wa mgongo kushuhudiwa na watu walio hai. Na lilitokea katika miaka ileile ambayo ziwa halikuwa na chombo kimoja chenye mamlaka ya kuliangalia lote. Mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, LVFO, ulitiwa saini Kisumu tarehe 30 Juni 1994, miaka 17 baada ya Jumuiya kuvunjika. Sisemi kwamba shirika moja lingemzuia mbuta, alikuwa ameshaingia. Nasema tungemwona akija. Dalili zilizoonekana katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, zingewafikia watu wa Mwanza kabla ya samaki wenyewe kufika.

Tunachokijua kwa undani juu ya fulu waliopotea kinatoka kwa sehemu kubwa kwenye Ghuba ya Mwanza, ambako kikundi cha watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden, akiwemo Frans Witte, kilianza kukusanya samaki mwaka 1977 kwa kushirikiana na Watanzania. Walikuwa wakivua kwa utaratibu uleule, mahali palepale, mwaka baada ya mwaka, kabla ya mbuta kujaa na baada yake. Vielelezo vyao vingi viko Leiden hadi leo. Makumbusho ya historia asilia ya London nayo ina samaki wa Viktoria waliokusanywa tangu mwanzo wa karne ya 20, pamoja na wale wa uchunguzi wa Michael Graham wa 1927 na 1928, uliokuwa wa kwanza kuliangalia ziwa zima kisayansi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii anayetaka kumshika mkononi samaki aliyekuwa akiishi katika ziwa la babu yake anahitaji viza. Hilo ni jambo la kuhuzunisha, nami sitaki kulipunguza makali.

Kwa sababu kama hizo, wenzangu wengi hawaamini wito wa kufungua data. Hoja yao ina msingi. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichukua vijiumbe kutoka Ziwa Bogoria, ambavyo vinaishi katika maji ya moto na magadi. Vimeng'enya vilivyotokana navyo vikaja kutumiwa na kampuni ya Genencor katika kutengeneza sabuni na kulainisha vitambaa vya jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza kudai haki, likisema idhini yake haikuombwa ipasavyo. Baada ya hapo Kenya ilitunga kanuni za mwaka 2006 juu ya kufikia rasilimali za kijenetiki na kugawana manufaa, miaka minne kabla dunia haijapitisha Itifaki ya Nagoya. Mtu aliyeona hayo akiambiwa aweke data zake wazi ili kila mtu azitumie, ana haki ya kuuliza ni nani huyo "kila mtu", na ni nani kati ya hao mwenye kompyuta, umeme wa uhakika na fedha za kuzigeuza data kuwa bidhaa.

Meli ya Norway iitwayo Dr. Fridtjof Nansen ni mfano mwingine, na wa heshima zaidi. Ina jina la yule mpelelezi wa ncha ya kaskazini aliyeiacha meli yake Fram igandishwe na barafu kuanzia 1893 ili aone mkondo utampeleka wapi. Tangu 1975, chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, meli zenye jina hilo zimepima samaki katika bahari za nchi zinazoendelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilipima pwani ya Kenya. Data zimetunzwa Bergen, na sera ya mradi inasema ni mali ya nchi ambazo zilikusanywa katika maji yake. Mtu wa nje anayezitaka anaomba idhini ya nchi hizo. Ni utaratibu wa haki. Lakini umiliki bila wajibu wa kuchapisha unaweza kuacha data nzuri zikae kimya. Anayezimiliki kisheria hana mtu wa kuzifanyia kazi, na mwenye uwezo wa kuzifanyia kazi hana ruhusa.

Jibu langu kwa wenzangu ni kwamba kuficha hakujawahi kutulinda. Ushahidi wangu ni samaki wa Nzoia.

Ningu, ambaye kwa jina la kisayansi ni Labeo victorianus, ni samaki wa ziwani anayezaa mitoni. Mvua zikinyesha na mto ukifurika, makundi ya ningu waliojaa mayai yalikuwa yakipanda Nzoia, Yala, Sio na mito mingine, yakatawanyika katika majani ya kingo zilizofunikwa na maji, yakataga, na kurudi. Jamii za kando ya mito hiyo zilikuwa na ujuzi wote wa safari hii. Walijua mwezi, walijua rangi ya maji, walijua ni mahali gani pa kuweka vizuizi vya fito na migono ya kunasa samaki wanaoshuka, hivyo wakawapata wengi wakiwa wameshataga. Data zilikuwapo, zikiwa katika vichwa vya wazee na katika umbo la mtego wenyewe. Kisha nyavu za kisasa zikaja. Zikatandazwa ziwani mbele ya midomo ya mito, na zikawakamata ningu kabla hawajapanda.

Mwaka 1959 P. J. P. Whitehead aliandika juu ya samaki wa Ziwa Viktoria wanaopanda mitoni. Mwaka 1965 D. A. Cadwalladr alichapisha, katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, makala juu ya kupungua kwa ningu na juu ya kudhoofika kwa njia za asili za uvuvi katika Nzoia. Makala ile inahusu moja kwa moja mto unaotoka nyanda za Trans Nzoia, ukapita Webuye, ukaishia Budalangi. Ilitaja tatizo likiwa bado changa. Nimekutana na walimu wa biolojia na wavuvi wa mito yetu ambao hawakuwahi kusikia kwamba iliandikwa. Jarida lilibaki katika maktaba chache, kwa Kiingereza, na takwimu zilizolijenga hazikuwa na hifadhi ya umma ambamo kizazi kilichofuata kingeongeza zake. Leo ningu amewekwa na Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Hakuna mgeni aliyetuibia maarifa hayo. Tulikosa tu mahali pa kuyaweka ambapo yangeonekana.

Itasemwa kwamba tumejaribu. Kweli. Mombasa, katika KMFRI, palianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 mradi wa RECOSCIX-WIO wa kubadilishana taarifa za sayansi katika magharibi ya Bahari ya Hindi, kwa msaada wa UNESCO na Ubelgiji. Mtafiti wa Dar es Salaam au Antananarivo aliomba makala, Mombasa ikaitafuta na kumtumia nakala kwa posta. Kutokana na mradi huo ulizaliwa mtandao wa data na taarifa za bahari za Afrika, ODINAFRICA, uliounganisha vituo vya nchi nyingi za bara, Kenya ikiwa miongoni mwa mihimili yake. Ubelgiji hiyohiyo iliipa Kenya meli yake ya utafiti Zeeleeuw, ambayo sasa inaitwa Mtafiti. Katika ziwa, LVFO imeendesha sensa ya pamoja ya wavuvi na vyombo tangu mwaka 2000, nchi tatu zikihesabu kwa fomu moja. Hizi ni kazi za kujivunia. Udhaifu wake mkuu ni kwamba nyingi zimetegemea awamu za ufadhili: awamu ikiisha, mtunza data anahamishiwa kazi nyingine, na seva inazimwa au inaachwa bila mtu.

Wabelgiji wameonekana mara nyingi katika makala haya, Brussels, Oostende, na meli Mombasa. Hiyo si bahati. Nchi ndogo yenye kipande kifupi cha pwani iliamua kwamba kutunza data za bahari za dunia ni kazi yake ya kudumu, ikaitengea fedha katika bajeti yake ya kawaida na kuajiri watu wa kuifanya maisha yao yote. Kenya, yenye bahari na ziwa, haiwezi kusema haina uwezo wa kuajiri wahifadhi data kumi wa kudumu.

Basi ibara yetu ya tatu iwe na nini? Kwanza iwe na muda. Data za viumbe wa majini zilizokusanywa kwa fedha za umma au kwa kibali cha nchi mwanachama wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki zichapishwe katika hifadhidata ya wazi ndani ya miaka miwili, mtafiti akiwa amepata nafasi ya kutosha kuandika makala yake. Asiyetimiza asipewe kibali kingine, awe wa Leiden au wa Nairobi. Kila rekodi ibebe jina la aliyekusanya, pamoja na la mvuvi au kikundi cha ufuo kilichoonyesha mahali. Katika rekodi za Antaktika jina la mkusanyaji halifutwi, na hakuna sababu ya kulifuta la mvuvi wa Budalangi. Mahali hasa pa spishi zinazowindwa au zilizobaki chache pasitajwe kwa umma, bali papewe watafiti kwa masharti. Taarifa za kijenetiki zifuate sheria za kugawana manufaa, ambazo tunazo. Mkataba mpya wa bahari kuu, uliopitishwa Juni 2023 na kupata uidhinishaji wa 60 Septemba 2025, umeshakubali kwamba uwazi wa data na mgawanyo wa manufaa vinaweza kukaa katika sheria moja. Na pawepo ukaguzi: wataalamu wa nchi moja waweze kwenda kuhakiki takwimu za jirani, kama ambavyo wakaguzi hutembelea vituo vya Antaktika.

Itifaki ya mwaka 2003 ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Viktoria inazungumzia kubadilishana taarifa kati ya serikali, na huo ni mlango mzuri wa kuingilia. Lakini taarifa inayotoka wizara moja kwenda wizara nyingine haimfikii mwalimu wa Bumula wala mvuvi wa Sio Port. Ninachokitaka ni uwazi kwa umma, kwa Kiswahili pia, ili mtu aliyeona ningu mtoni mwezi wa Mei aweze kuiandika habari hiyo na kuiona ikikaa karibu na ya Whitehead.

Kuna kazi ambayo haihitaji kusubiri makao makuu ya Jumuiya, Arusha. Jumba la makumbusho la Kitale, lililofunguliwa mwaka 1974, lilitokana na makusanyo ya Kanali Hugh Stoneham, mpenzi wa viumbe aliyekuwa ameanzisha makumbusho yake mwenyewe huko mwaka 1926 na kuyaachia taifa alipofariki mwaka 1966. Vielelezo vya zamani vya namna hiyo, vya wadudu, ndege au samaki, vina kikaratasi chenye jina, mahali na tarehe. Kikaratasi hicho ni rekodi kamili kwa kipimo kilekile cha Antaktika. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kibabii na Masinde Muliro wanaweza kunakili vikaratasi hivyo, kuvisahihisha majina kwa msaada wa Makumbusho ya Taifa Nairobi, na kuvichapisha chini ya majina yao. Idara ya biolojia inayotafuta mada za shahada ya uzamili ina za kutosha hapo kwa miaka kumi.

Uzito wa jambo lenyewe, hata hivyo, uko kwa watunga sheria. Jumuiya imefufuliwa, ina bunge, na nchi tatu zinazogawana Ziwa Viktoria zote zimo ndani yake. Nawaomba wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki, hasa wanaotoka kando ya ziwa na mito yake, waandae mswada wa data za viumbe wa majini katika muhula huu, wenye muda, wenye ukaguzi, na wenye fungu lake katika bajeti ya Jumuiya. KMFRI, TAFIRI na taasisi ya Uganda iliyoko Jinja ziitwe kuuandika pamoja nao.